Mbwa Wangu Hataitwa Champion

Wadau, nianze kwa kuwaomba radhi. Wiki iliyopita niliweka hapa picha ya kijibwa changu, yule mwekundu kama udongo wa Nyari, sikio moja limesimama na jingine limelala, nikawaambia nisaidieni jina. Nikasema sitaki Simba, sitaki Tommy, sitaki Popi. Nataka jina la kizamani, jina lenye historia ndani yake. Mkaitika. Mkapiga kura mpaka simu yangu ikaisha chaji. Na jina lililoshinda, tena kwa mbali, ni Champion.

Basi kura nimeifuta. Ndiyo, nimeiba kura mchana kweupe, anayetaka kwenda kortini aende. Mbwa wangu hataitwa Champion. Na lile jina lililoshika nafasi ya pili pia hataitwa, nalo nitalifikia.

Najua tayari kuna mtu anaandika, "Ni mbwa tu, bana, tulia." Ngoja. Soma mpaka mwisho ndio uniambie nitulie.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu hili neno "kizamani". Siku hizi limekuwa fasheni. Gauni la kizamani, miwani ya kizamani, redio ya kizamani kwenye rafu ya mkahawa kule Malindi ambayo haishiki hata stesheni moja. Sasa na mbwa naye apewe jina la kizamani. Ukitafuta kwenye simu unaletewa orodha ndefu: Winston, Archie, Duke, Rex, Queenie, Victoria. Majina mazuri, sikatai. Lakini ni ya kwao. Ni majina ya babu zao na malkia wao, na wana haki ya kuyapenda. Elizabeth, kabla hajawa malkia, alipotimiza miaka 18 mwaka 1944 alipewa zawadi ya mbwa aliyeitwa Susan. Kwa Mwingereza, Susan ni jina lenye enzi yake. Sawa kabisa.

Ila mimi niko Marafa. Zamani yangu haikuketi kwenye meza ya chai ya Uingereza. Nikimwita mbwa wangu Duke ili aonekane wa kizamani, nimeazima zamani ya mtu kama bwana harusi aliyeazima suti. Kwenye picha inapendeza, lakini kila mtu anaona mabega si yake.

Hilo lingekuwa kosa dogo, la kuchekana tu. La Champion si dogo.

Jioni ile kura ilipofungwa nilikuwa uani najaribu jina. "Champion! Champion, njoo!" Kijibwa hakikugeuka hata kichwa. Aliyegeuka ni hawe. Hawe, kwa msiokuwa Wagiriama, ni bibi. Alikuwa kwenye mkeka anapukuchua mahindi, mikono ikasimama.

"Umemwita nani?"

"Champion, hawe. Ni Kizungu, maana yake bingwa."

Akanitazama kidogo. "Hapa petu lina maana nyingine," akasema. Kisha akaendelea na mahindi yake, na hakuniongelesha tena mpaka wakati wa sima.

Nikaona aibu, kwa sababu maana hiyo nyingine naijua. Niliisoma shuleni, nikaisikia kwa wazee, na hata video niliwahi kuifanya. Ila siku ya kura jina lilikuja limevaa nguo za fasheni, nikapita nalo bila kulitambua.

Kwa wasiomjua: Arthur Champion alikuwa ofisa wa serikali ya Mwingereza aliyeletwa kuwatawala Wagiriama. Kazi yake kwa kifupi ilikuwa tatu: kodi ilipwe, wazee waliochaguliwa na serikali watiiwe, na vijana watoke mashambani kwao wakafanye kazi kwenye mashamba ya wenye mitaji huko pwani. Shida ni kwamba Wagiriama walikuwa na kazi yao. Upande huu wa kaskazini ya mto Sabaki, huku huku tuliko, walikuwa wanalima mahindi na yanawalipa. Mtu mwenye mahindi yake ya kuuza hana sababu ya kwenda kupalilia shamba la mwingine kwa ujira wa kumtia umaskini.

Ndipo akatokea Mekatilili wa Menza. Mjane, mtu mzima, akaenda kijiji hadi kijiji na ngoma ya kifudu, watu wakamfuata, wakala kiapo kwamba hawatashirikiana na serikali. Simulizi inayopendwa zaidi ni ile ya mwaka 1913, kwenye baraza mbele ya Champion mwenyewe. Inasemwa alikuja na kuku mwenye vifaranga akamwambia yule ofisa, haya, chukua kifaranga kimoja. Ofisa akanyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akasema, umeona? Ndivyo itakavyokuwa ukigusa watoto wetu.

Oktoba mwaka huo huo wakamkamata yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii, magharibi kabisa ya Kenya. Januari 1914 wakatoroka wakarudi pwani kwa miguu. Hebu wewe toka Kisii uje Marafa kwa basi halafu uniambie mgongo unasemaje. Hao walitembea, tena wakiwa na umri wa kuitwa nyanya na babu.

Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, serikali ikailipua kwa baruti Kaya Fungo, moyo wa Wagiriama. Mwezi huo huo vita vikawaka. Vilipokwisha wakatozwa faini ya rupia 100,000, wakadaiwa vijana 1,000 wa kazi, na amri ikatoka kwamba kila Mgiriama aliye kaskazini ya Sabaki ahame, avuke aende kusini. Nyumba zilichomwa moto. Hii ardhi ninayoandikia, yenye mananasi na mbuzi na kijibwa changu, ilikuwa marufuku kwa wenyewe.

Hiyo ndiyo maana nyingine.

Sasa, waliompigia Champion kura ni wa aina mbili, na kila aina ina jibu lake.

Aina ya kwanza ni wale waliosikia "bingwa" tu. Nyinyi sina ugomvi nanyi. Mtu wa Nakuru au wa Arusha akimwita mbwa wake Champion, amwite, hakuna hawe wa kuacha mahindi huko. Neno halina kosa. Lakini jina si neno tu. Jina ni neno pamoja na mahali linapoitwa.

Aina ya pili ndio wenye akili nyingi. Hao wanajua historia yote hiyo, na wameniandikia: "Ndiyo raha yenyewe! Mpe mbwa jina la adui. Mfunge kamba. Mwambie 'Champion, kaa chini.' Mrushie mfupa. Hiyo ni kulipiza kisasi." Nakiri hii ilinichekesha, na kwa siku nzima nilikuwa karibu kukubali. Ni mchezo wa zamani sana, watu wamewaita mbwa wao kwa majina ya maadui tangu hapo. Mimi mwenyewe nimekua nikisikia mbwa wanaitwa Bush na Saddam, kila mtu na upande wake.

Lakini fikirieni mbele kidogo. Mbwa unamlea. Unamchanja, unamtoa kupe, unamwekea ukoko wa sima. Mwizi akija usiku ndiye anayekuamsha. Miaka miwili haiishi, unampenda. Na jina lake unalitaja mara ishirini kwa siku kwa sauti ya mapenzi. "Champion wangu. Champion mzuri." Dada yangu mdogo ana miaka 6. Yeye Champion wa kwanza kumjua maishani mwake atakuwa huyu, rafiki yake mwekundu wa sikio moja. Siku mwalimu atakapomtaja yule wa 1913, moyoni mwake jina litakuwa limeshalambwa likawa tamu. Sasa hapo nani kamlipiza kisasi nani? Tutakuwa tumemsafisha mtu kwa mate ya mbwa wetu.

Na kuna huyu mbwa mwenyewe. Kawakosea nini Wagiriama? Mpe mnyama jina la mtu unayemchukia, siku umeamka vibaya utampiga teke la mtu huyo. Nimeyaona kwa macho. Mbwa anabeba deni ambalo hakukopa.

Haya, nafasi ya pili. Wengine mlisema: kama si Champion, basi Mekatilili. Tena mliandika kwa nia njema kabisa, "tumuenzi shujaa wetu."

Jamani. Jamani!

Chukueni dakika moja msikie itakavyokuwa. "Mekatilili, toka jikoni!" "Mekatilili kala samaki wa jirani." "Mekatilili ana viroboto." Kwa Kiswahili hiki hiki tunachokiongea, ukitaka kumaliza ugomvi kwa matusi unamwambia mwenzio "mbwa wewe". Halafu unichukulie mama aliyetembea kutoka Kisii umpe nafasi hiyo, uniambie umemuenzi?

Na hata jina lenyewe mnalijua? Alizaliwa Mnyazi. Mekatilili maana yake ni mama wa Katilili. Hivyo kila ukilitaja unawataja watu wawili, mama na mwanawe, na wajukuu na vitukuu wao ni watu wanaoishi, wanaokwenda soko moja na sisi. Kwetu mtoto hubeba jina la mzee wa ukoo, babu anarudi kwa mjukuu. Kwa hiyo majina ya kale ya Kigiriama hayajafa hata kidogo. Yako darasani, yako kwenye bodaboda, yako kwenye foleni ya zahanati. Ukitaka kumpa mbwa jina la Kigiriama la "kizamani", karibu kila mara utakuwa umempa jina la jirani yako. Na jirani zetu Waislamu ni vilevile: mate ya mbwa yakiwagusa wanaosha, sasa mimi nimpe mbwa jina la mzee wao, kisha Ijumaa nimwite kwa sauti wakipita kwenda msikitini? Huko si kuenzi historia, ni kutafuta ugomvi na majirani.

Mekatilili amezikwa Bungale, humu humu Magarini. Sanamu yake iko Malindi, kwenye bustani iliyopewa jina lake mwaka 2010. Kuenzi ni huko. Nenda kaburini, mpeleke mtoto, msimulie. Mbwa muache nje ya jambo hilo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo neno langu lote lilipo. Ugonjwa wetu ni kudhani kitu cha zamani hakina mwenyewe. Tunaona kimekaa muda mrefu, tunadhani kimeachwa, tunakichukua kuwa pambo.

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Vigango. Zile mbao zilizochongwa, zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee wa Gohu waliokufa ili koma zao zitulie. Watu waliviiba usiku wakauza kwa watalii na wenye maduka ya sanaa, vikaenda Ulaya na Marekani kusimama sebuleni karibu na televisheni. Kwa mwenye sebule, kilikuwa kitu kizuri cha kizamani. Kwa familia, alikuwa mzee wao aliyeng'olewa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, baada ya miaka 22.  Pambo halirudishwi hivyo.

Jina la kale ni hivyo hivyo. Lina familia. Kabla hujaling'oa ukalisimamishe sebuleni kwako, uliza ni la nani.

Na msidhani haya ya majina ni madogo kwa sababu hayashikiki kwa mkono. Mwangalieni mbwa wa Kongo, yule mwekundu mwenye mkia uliojikunja kama pete, ambaye habweki kama wengine. Waingereza walimwonyesha kwenye maonyesho yao makubwa ya mbwa, Crufts, mwaka 1937. Leo duniani kote anajulikana kwa jina la Basenji. Jina hilo limetoka Kilingala, na sikio lolote la Kiswahili linalisikia bila mkalimani: washenzi. Mbwa wa washenzi. Ni mbwa wa kale sana, anauzwa kwa pesa nyingi, anapigwa picha na utepe shingoni, na kila anapoitwa wanatukanwa waliomfuga. Na huku kwetu masetla walikuwa na yao: mbwa wa Mzungu ni mbwa, mbwa wa Mwafrika ni "shenzi". Leo hii tunaendelea sisi wenyewe. Mwenye mbwa wa kienyeji anaona haya, anasema "aah, huyu ni koko tu." Halafu anampa jina Winston ili amfiche.

Sisi wenyewe tulishabandikwa jina. Wapwani waliwaita babu zetu Wanyika, watu wa porini, na wazungu wakalibeba jina hilo wakaliandika vitabuni. Ni miaka ya 1940 ndipo wenyewe walipoliondoa wakasema sisi ni Mijikenda, miji tisa, makaya tisa. Hebu fikirini kazi ile. Watu walikaa chini wakaamua hatutaitwa hivyo tena. Halafu mimi mjukuu wao, mwenye simu ya kushika kiganjani, nishindwe kuchagua jina la mbwa mmoja bila kuazima?

Na Nyari je? Bonde letu hili la mchanga mwekundu na mweupe, ambalo hata nyinyi wa mbali mnalijua kwa picha. Nyari maana yake ni mahali palipobomoka penyewe. Lina hadithi yake, ya familia tajiri iliyooga maziwa wakati wenzao hawana, mpaka Mungu akawadidimiza ardhini. Ukikaa pale jioni jua likishuka, hadithi inaingia akilini bila kusukumwa. Lakini muulize mtalii amekuja kuona nini. Hell's Kitchen. Jiko la Jehanamu. Bango linasema hivyo, kitabu cha watalii kinasema hivyo, na sisi vijana tunaopiga picha pale tunaandika hivyo kwa sababu ndilo linalotafutwa. Mimi mwenyewe nimeliandika mara nyingi, sijitoi. Tumeuza jina lenye hadithi, tukabaki na jina lenye joto tu.

Sasa nirudi kwa yule wa "ni mbwa tu."

Ndugu yangu, nakubaliana nawe. Ni mbwa tu. Hatapiga kura, hataenda shule, na jina lake yeye halimhusu, anachosikia ni sauti na harufu ya chakula. Ndiyo maana jina si lake. Ni letu sisi tunaoita. Jina la mtoto nitalipewa na ukoo. Jina la mji nimelikuta. Jina la shule waliliandika wengine. Jina la mbwa ni moja kati ya majina machache sana ambayo kijana kama mimi atayachagua mwenyewe, peke yake, bila kamati na bila mheshimiwa kuja kukata utepe. Na kati ya yote, ndilo nitakalolipigia kelele kila siku kwa miaka kumi mpaka kijiji kizima kilijue. Ukiniambia hilo ni dogo, niambie basi kubwa ni lipi.

Na wala sisemi mbwa asiwe na jina la kihistoria. Nataka awe nalo. Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia alikuwa na kambwa kadogo, kipenzi chake, aliyeitwa Lulu. Mmoja wenu alilipendekeza, na nusura nilichukue. Ni la Afrika Mashariki, ni la enzi, kwa Kiswahili lina maana nzuri, na halimdhuru mtu. Huo ndio uchaguzi wa mtu aliyefikiri. Ila Lulu alilala ikulu. Huyu wangu analala chini ya ghala na kazi yake ni kuwafukuza nyani kwenye mahindi. Lulu lingempwaya.

Nilichofanya ni kwenda kwa hawe na kumuuliza. Hilo ndilo nililopaswa kufanya kabla ya kuwauliza nyinyi, msinikasirikie.

Hawe hakuwepo mwaka 1914, alizaliwa baadaye. Ila bibi yake alikuwepo, akiwa msichana, na alimsimulia. Amri ilipokuja walibeba walichoweza. Wakateremka mpaka mtoni, mto wenye mamba na viboko, wakavuka. Hawe anajua nani alivuka na nani, nani alibebwa mgongoni, mbuzi walikuwa wangapi na wangapi walifika ng'ambo. Na anajua kwamba mbwa wa nyumbani alibaki upande huu. Alisimama ukingoni anabweka mpaka hawakumsikia tena. Miaka michache baadaye serikali ilipoona mpango wake haufai, watu wakaanza kuruhusiwa kurudi, nao wakarudi hapa.

Nikamuuliza, mbwa aliitwaje?

Akafikiri sana. Akasema, "Hilo hakuniambia."

Mbuzi wamehesabiwa, jina la mbwa limepotea. Nikakaa nalo usiku kucha.

Kwa hiyo mbwa wangu anaitwa Sabaki.

Si jina la mtu, hakuna jirani atakayegeuka akidhani anaitwa yeye. Si la kuazima, mto uko hapo na maji yake tunayanywa. Ni la kihistoria kuliko Winston wote mnaowajua, kwa maana historia yetu ilivukishwa hapo kwa nguvu, kisha ikarudi kwa miguu yake. Na dada yangu akiniuliza, "Kwa nini Sabaki?" nina cha kumsimulia, na nitakapomaliza atakuwa amemjua Mekatilili bila mimi kumtusi, na amemjua Champion bila mimi kumpenda. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Huyu ufuko wake ni upande huu wa kaskazini, na safari hii hakuna wa kumwambia mwenye mbwa avuke amwache.

Sasa nyinyi. Sisemi wote mchukue mito. Nasema kabla hujampa mbwa wako jina la kale, jiulize mambo mawili tu. La kwanza, jina hili ni la nani? La pili, mwenyewe au mjukuu wake akipita hapa wakati naita, nitaweza kumtazama usoni? Ukiweza, mwite. Ukishindwa, rudi kwa wazee wako uwaulize. Wako. Hata kama wako Kibera, hata kama wako Muscat au London, wapigie simu. Waulize mbwa wa nyumbani kwao waliitwaje na kwa nini. Utashangaa. Mbwa wa zamani walikuwa na majina yenye maneno ndani yake, ya kumpigia jirani kijembe, ya kukumbuka mwaka wa njaa. Hizo ndizo orodha tunazopaswa kuwa nazo kwenye simu zetu, na hakuna atakayetuandikia isipokuwa sisi.

Jumamosi nilimpeleka kuchanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Daktari wa mifugo akauliza jina, nikamtajia, akaandika kwenye kadi bila kuuliza lolote, herufi sita, safi kabisa. Hawe sikumwambia kitu. Nikaiacha kadi juu ya meza.

Leo asubuhi nikiwa bado nimelala nimesikia sauti yake uani, kali kama kawaida: "Sabaki! Hebu toka kwenye mahindi yangu!"

Kura imefungwa.